Kupima Jinsi Puto Linavyosinyaa kwa Baridi na Kutanuka kwa Joto

Jaribio la puto na friji ni rahisi kulieleza na ni rahisi kuliharibu. Mwalimu anaingiza puto frijini, anasubiri nusu saa, analitoa mbele ya darasa, na wanafunzi wanatazamana: mbona liko vilevile? Wengine wanaondoka wakiamini kanuni ya Charles, ile inayosema ujazo wa gesi hubadilika sawia na halijoto yake, ni ya kukariri kwa ajili ya mtihani tu. Kanuni haina kosa lolote. Kosa ni kulitegemea jicho. Puto lililotoka kwenye joto la Dar es Salaam kuingia frijini hupoteza karibu asilimia 8 ya ujazo wake, lakini mzingo wake hupungua kwa sentimita moja na nusu tu, na hakuna jicho linaloona upungufu huo kwenye kitu cha duara. Futi ya fundi cherehani inauona.

Kwa hiyo mwongozo huu ni wa kupima. Ukiufuata utapata namba, na namba hizo zitakubaliana na hesabu kwa kiasi cha kukufurahisha.

Kwanza elewa kinachotokea

Hewa iliyo ndani ya puto ni molekuli zinazokimbia huku na huko na kuugonga mpira kutoka ndani. Kutoka nje, mpira unagongwa na hewa ya kawaida, na wenyewe pia unavuta kurudi ndani kwa sababu umenyooshwa. Puto hutulia kwenye ukubwa ambapo nguvu za pande hizi mbili zinalingana. Ukilipoza, molekuli za ndani hupunguza mwendo, zinagonga kwa unyonge, na mgandamizo wa nje unalisukuma puto hadi molekuli zibanane vya kutosha kulingana tena. Ukilipasha joto, mambo yanakwenda kinyume chake.

Hakuna hewa iliyotoka na hakuna iliyoingia. Lisisitize hili kwa wanafunzi, maana wengi wanapoona puto limenywea wanadhani limevuja. Ushahidi ni kwamba likirudi kwenye joto la chumba linarudi ukubwa wake wa mwanzo, na ndiyo maana utalipima tena mwishoni.

Aina ya gesi haibadilishi kitu. Hewa ya pampu, heliamu, kabonidayoksaidi, zote hutanuka na kusinyaa kwa uwiano uleule ilimradi zimebaki kuwa gesi.

Vifaa

Maputo matatu au manne ya mpira yanayofanana, pampu ndogo ya mkono, futi laini ya fundi, maka peni, kipimajoto, na friji yenye sehemu ya kugandishia. Kama huna futi laini, uzi usiovutika na rula vinatosha: zungusha uzi, weka alama, kisha uunyooshe kwenye rula. Uzi wa kushonea unafaa, ila uzi wa sufu unavutika na utakudanganya.

Kipimajoto cha homa hakifai. Kimetengenezwa kwa joto la mwili, takriban nyuzi 35 hadi 42, na nje ya hapo hakisomi. Tafuta cha maabara au cha jikoni.

Hatua ya 1: jaza puto kwa pampu, usipulize kwa mdomo

Watu huona huu ni usumbufu wa bure, lakini una sababu mbili. Pumzi yako ni ya moto kuliko chumba, hivyo puto ulilopulizia mdomo linaanza kusinyaa lenyewe dakika chache baada ya kulifunga, kabla hujaligusa friji. Pili, pumzi imejaa mvuke wa maji. Ukiipoza, mvuke huo unageuka matone na kuacha kuwa gesi, hivyo puto linapungua kuliko hesabu inavyosema, kwa asilimia mbili au tatu zaidi. Ukiwahi kuona unyevunyevu ndani ya puto lililotoka kwenye baridi, ndio huo.

Lijaze hadi mzingo wa sentimita 60 hivi, yaani kipenyo cha sentimita 19. Ukubwa huo unaingia kwenye friza nyingi za nyumbani na umbo lake linakaribia tufe. Usilijaze hadi mpira uwe mgumu: puto lililokazwa sana hurefuka upande wa mdomo na kupoteza umbo, na likikutana na joto baadaye linapasuka. Funga fundo imara.

Hatua ya 2: chora mstari wa kupimia

Zungushia alama za maka peni sehemu iliyo pana zaidi, nukta nane au kumi zinatosha. Futi ipite juu ya nukta hizo kila mara. Bila alama, mara ya kwanza utapima katikati, mara ya pili utapima juu kidogo, na tofauti hiyo peke yake inaweza kuzidi ile unayoitafuta.

Hatua ya 3: pima kwenye joto la chumba

Liache puto dakika 15 kivulini, mbali na jiko na mbali na dirisha lenye jua. Soma kipimajoto. Zungusha futi iguse mpira bila kuubana, usome, uitoe, uzungushe tena, mara tatu. Andika wastani. Kosa la milimita 2 kwenye sentimita 60 linaleta kosa la asilimia 1 kwenye ujazo, basi pima kwa utulivu.

Hatua ya 4: lipoze, na upime humohumo

Hapa ndipo jaribio linapofia. Mpira wa puto ni mwembamba sana na hewa iliyomo ni nyepesi, gramu chache tu, kwa hiyo puto likitolewa frijini linaanza kupata joto papo hapo. Ukilibeba hadi mezani, ukaitafuta futi, ukawaita watoto wasogee, umeshachelewa: limerudi karibu na ulipoanzia.

Dawa yake ni kuiacha futi frijini pamoja na puto ili nayo ipoe, kufungua mlango, na kupima palepale mikono ikiwa ndani. Mtu mmoja ashike puto kwa fundo lake (kulikumbatia kwa viganja ni kulipasha joto) na mwingine azungushe futi. Mkiwa na mazoezi kidogo, kazi yote ni ya sekunde chache.

Nusu saa ndani ya friji inatosha. Kwenye friza fanya vivyo hivyo, ila angalia puto lisiegemee ukuta wenye barafu yenye ncha. Soma joto la ndani kwa kipimajoto ulichokilaza karibu na puto. Usiamini namba iliyoandikwa kwenye kitasa: friji inayofunguliwa kila mara inaweza kuwa na nyuzi 9 wakati kitasa kinadai 4.

Hatua ya 5: lipashe joto kwa njia salama

Usilisogeze puto kwenye moto wa jiko. Chukua boksi kubwa la karatasi ngumu, weka ndani chupa mbili zilizojazwa maji ya moto na kufungwa vizuri, weka puto katikati bila kugusana nazo, ingiza kipimajoto kupitia tundu, funika. Baada ya dakika 20 boksi litakuwa na nyuzi 40 au zaidi. Pima ndani ya boksi kwa haraka ileile ya frijini.

Boksi hilohilo linamfaa asiye na friji: badala ya maji ya moto weka chupa za maji yaliyogandishwa au vipande vya barafu kwenye mfuko. Hutafikia baridi ya friza, lakini utapata tofauti ya kutosha kufanya hesabu.

Hatua ya 6: rudisha kwenye joto la chumba, pima tena

Kama mzingo umerudi ulikoanzia, ukipishana kwa milimita mbili tatu, puto halikuvuja na vipimo vyako vinaaminika. Kama umebaki pungufu kwa nusu sentimita au zaidi, fundo lilivuja. Anza upya na puto jingine.

Hesabu yenyewe

Kwa puto lenye umbo la tufe, ujazo kwa sentimita za ujazo ni mzingo uliozidishwa wenyewe mara tatu, kisha ukagawanywa kwa 59.2. (Namba hiyo ni sita mara pai mara pai.) Mzingo wa sentimita 60 unatoa 216,000 kugawanya kwa 59.2, ambayo ni kama 3,650, yaani lita 3.65.

Kanuni ya Charles inasema ujazo wa gesi unabadilika sawia na halijoto yake, mgandamizo ukibaki uleule. Lakini halijoto hiyo ni ya kelvini, kipimo kinachoanza kuhesabu kutoka nyuzi 273 chini ya sifuri ya Selsiasi. Ongeza 273 kwenye nyuzi za Selsiasi ndipo ugawanye. Chumba cha nyuzi 27 ni kelvini 300, friji ya nyuzi 4 ni kelvini 277, na friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri ni kelvini 255. Mwanafunzi anayesahau hatua hii atakuambia kwamba kutoka nyuzi 27 hadi 54 puto linakuwa mara mbili. Haliwi hivyo, linaongezeka kwa asilimia 9 tu. Ili liwe mara mbili lingehitaji kelvini 600, sawa na nyuzi 327, na kwenye joto hilo mpira umeshaharibika zamani.

Sasa frijini: 277 kugawanya kwa 300 ni 0.923. Ujazo unashuka kutoka lita 3.65 hadi 3.37. Je, mzingo? Hapo unatafuta kipeuo cha tatu cha 0.923, ambacho ni 0.974, na sentimita 60 zinakuwa 58.4. Hiki kipeuo cha tatu ndicho kinacholificha jaribio zima. Puto linasinyaa pande zote tatu kwa pamoja, urefu, upana na kina, hivyo upungufu mkubwa wa ujazo unagawanyika na kila upande unaonekana kupungua kidogo tu. Kanuni ya harakaharaka ya kukumbuka: badiliko la mzingo kwa asilimia ni karibu theluthi ya badiliko la ujazo.

Kwa puto la sentimita 60 lililojazwa kwenye nyuzi 27, tegemea hivi:

- Friza, nyuzi 18 chini ya sifuri: mzingo 56.8, ujazo lita 3.10
- Barafu inayoyeyuka, nyuzi 0: mzingo 58.1, ujazo lita 3.32
- Friji, nyuzi 4: mzingo 58.4, ujazo lita 3.37
- Boksi la moto, nyuzi 45: mzingo 61.2, ujazo lita 3.87

Vipimo vyako havitalingana na hivi hadi desimali ya mwisho, na kuna sababu ya haki. Mpira unaongeza mgandamizo kidogo ndani, na mvuto wake haubaki uleule puto linapobadilika ukubwa wala linapopoa. Mchango wake ni mdogo ukilinganisha na mgandamizo wa angahewa, ndiyo maana kanuni bado inafanya kazi vizuri, lakini upo.

Chora grafu uitafute sifuri ya kweli

Hii ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote, na nasikitika kuona inarukwa. Ukiwa na vipimo vinne, weka halijoto kwa Selsiasi kwenye mhimili wa mlalo, kuanzia 350 chini ya sifuri hadi 100 juu yake, na ujazo kwenye mhimili wa wima. Weka nukta zako, pitisha rula katikati yake, kisha endeleza mstari kuelekea kushoto hadi ugonge mahali ambapo ujazo ni sifuri. Kanuni inasema utagonga kwenye nyuzi 273 chini ya sifuri. Ukipata popote kati ya 250 na 300, kwa puto, futi na friji ya nyumbani, umefanya kazi safi sana. Mtoto wa kidato cha pili anakuwa ameikaribia sifuri halisi, mahali pa baridi kuliko zote panapowezekana, bila kutoka darasani.

Gesi halisi haifiki huko ikiwa gesi. Oksijeni inakuwa kimiminika kwenye nyuzi 183 chini ya sifuri na nitrojeni kwenye 196. Ndiyo maana puto la hewa likizamishwa kwenye nitrojeni kimiminika linalala kabisa kama mfuko mtupu, wakati la heliamu linabakiwa na karibu robo ya ujazo wake: kelvini 77 kati ya 300.

Jina la kanuni lenyewe limetoka kwa mtu wa maputo. Jacques Charles, Mfaransa, alirusha puto la haidrojeni lisilo na mtu kutoka Champ de Mars mjini Paris tarehe 27 Agosti 1783, na tarehe 1 Desemba mwaka huohuo akapanda mwenyewe akiwa na Nicolas-Louis Robert. Miaka michache baadaye alichunguza jinsi gesi zinavyotanuka kwa joto lakini hakuchapisha. Joseph Louis Gay-Lussac ndiye aliyechapisha mwaka 1802, na kwa uungwana akamtaja Charles.

Njia ya chupa, kama unataka kionekane kwa macho

Darasa likiwa kubwa, watu sitini hawawezi kusoma futi moja. Chukua chupa tupu ya maji ya lita moja na nusu, ikauke kabisa ndani, vika puto mdomoni mwake, kisha isimamishe kwenye beseni la maji ya nyuzi 60. Puto lililokuwa limelala litainuka na kusimama. Hamishia chupa kwenye maji ya barafu, litalala tena, na likipoa sana huweza kunyonywa kuingia ndani ya shingo ya chupa.

Usitarajie puto kubwa. Hewa ya chupa ikipanda kutoka nyuzi 27 hadi 60 inaongezeka kwa asilimia 11, yaani kama mililita 165, zaidi kidogo ya nusu ya chupa ndogo ya soda. Na hakikisha kweli imekauka. Matone ya maji yaliyobaki yatageuka mvuke na kulijaza puto kupita kiasi. Darasa litashangilia, lakini hawatakuwa wameona kutanuka kwa hewa. Maji ya kuchemka usitumie, chupa ya plastiki inajikunja.

Kwa wapambaji wa sherehe

Anayepamba kumbi anapambana na kanuni hii kila Jumamosi. Ukijaza maputo kwenye chumba chenye kiyoyozi cha nyuzi 20 ukayatoa nje kwenye nyuzi 34, ujazo unaongezeka karibu asilimia 5, na hapo ni kivulini. Puto lililo juani linapata joto kuliko hewa inayolizunguka, hasa la rangi nyeusi au bluu iliyokolea. Acha nafasi: lijaze, kisha toa hewa kidogo kabla ya kufunga. Maputo ya rangi nyepesi weka upande wa jua, yaliyokolea upande wa kivuli.

Yale ya foili, ya herufi na namba, yanahitaji tahadhari zaidi kwa sababu hayanyooki kama mpira. Mchana wa joto yanaachia kwenye mishono. Asubuhi ya baridi huko Njombe au Limuru yanakunjamana, na mteja analalamika kwamba yamevuja. Yaache yapate joto la ukumbi kabla hujaongeza gesi, maana ukiongeza asubuhi yatapasuka saa saba mchana.

Kupandisha maputo kutoka pwani kwenda bara ni hesabu nyingine. Ukiyajaza Mombasa kwenye nyuzi 30 ukayafikisha Nairobi kwenye nyuzi 18, baridi inayapunguza kwa asilimia 4. Lakini Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya bahari, mgandamizo wa hewa ni mdogo, na hilo peke yake linayakuza kwa zaidi ya asilimia 20. Jumla yake ni ongezeko la karibu moja ya sita. Safirisha maputo matupu, ujaze ukifika.

Mtungi wa heliamu usiuache kwenye gari lililofungwa juani: gesi isiyo na nafasi ya kutanuka inapandisha mgandamizo badala ya ujazo. Wala usikubali haidrojeni kwa sababu ya bei yake nafuu, kwani inashika moto kwa cheche ndogo. Vipande vya puto lililopasuka okota mara moja, vinaweza kumkaba mtoto.

Maputo makubwa ya Serengeti na Masai Mara

Wanafunzi huuliza kama yale yanayobeba watalii yanafuata utaratibu huohuo. Kanuni ni ileile, matokeo ni tofauti, kwa sababu mdomo wake uko wazi chini. Likishatuna kabisa, kitambaa hakinyooki zaidi. Hewa inayotanuka inamwagika nje. Kutoka nyuzi 20 hadi 100, kelvini 293 kugawanya kwa 373 ni 0.79, kwa hiyo asilimia 21 ya hewa inatoka na iliyobaki ni nyepesi kuliko ya nje kwa kiasi hicho. Wepesi huo ndio unaonyanyua kikapu. Kinachohesabika ni tofauti ya joto la ndani na la nje, na ndiyo sababu mojawapo ya kuyarusha alfajiri, hewa ya nje ikiwa bado baridi. Sababu nyingine ni kwamba upepo wa saa hizo huwa umetulia.